Meli Iliyodharauliwa: Kuipima Upya Nguvu ya Hermann von Wissmann katika Ziwa Nyasa

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inapotajwa katika Ziwa Nyasa, simulizi huishia kwenye kicheko. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilifika Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Gwendolen ikafyatua mizinga. Husimuliwa kwamba nahodha Berndt wa meli ya Kijerumani alirukia kidau, akamfuata nahodha Rhoades wa Gwendolen, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, na kumuuliza kwa ghadhabu kama amelewa. Berndt hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani tangu Agosti 4. Akawekwa chini ya ulinzi, mitambo ya meli yake ikang'olewa vipande muhimu, na magazeti ya London yakatangaza ushindi wa majini. Tangu siku hiyo Wissmann imebaki kichekesho: meli iliyoshindwa vita kabla haijajua kuna vita.

Mkanganyiko huongezwa na majina. Kulikuwa na meli mbili za Wissmann. Hermann, iliyopewa jina la mtawala wa Kijerumani, ilikuwa Ziwa Nyasa. Hedwig, iliyopewa jina la mkewe, ilikuwa Ziwa Tanganyika, na ndiyo iliyozamishwa Februari 9, 1916 na boti za Waingereza. Juu ya hizo kuna Graf von Götzen, nayo ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa kuwa Liemba imeishi muda mrefu na kusifiwa sana, sifa zote za meli za Kijerumani zimehamia Kigoma, na dhihaka zote zimeachwa Liuli. Uchambuzi huu unahoji mgawanyo huo. Hoja yake ni kwamba Hermann von Wissmann ilikuwa chombo chenye uzito mkubwa kuliko chochote Wajerumani walichokuwa nacho kusini magharibi mwa koloni lao, na kwamba kilichoshindwa Agosti 13 ni mpango mzima uliopaswa kuilinda na kuipa habari.

Usuli: ziwa ndilo barabara

Thamani ya meli haieleweki bila kuutazama ufukwe wenyewe. Upande wa kaskazini mashariki, safu ya milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu, lakini vyungu hivyo hupakiwa kwenye mitumbwi, vimefungwa kwa nyasi visigongane, ili vifike sokoni Matema, kwa sababu kuvipitisha kwa miguu kwenye miamba ni kuvivunja. Hapo ni mwendo mfupi tu. Kutoka Liuli hadi Mwaya, iliyokuwa bandari ya bonde la Kyela wakati huo, ni zaidi ya kilomita 150 za ufukwe, na sehemu kubwa yake ni mlima mtupu. Upande wa bonde ardhi ni tambarare lakini imekatwa na Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mito inayofurika wakati wa masika. Kwa mtu mwenye shehena nzito, njia isiyokatika mwaka mzima ilikuwa moja tu, nayo ni ziwa.

Wajerumani waliligundua hilo mapema. Meli ilijengwa Ujerumani kwa fedha zilizochangwa kwa jina la kupinga biashara ya utumwa, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kupitia mito Zambezi na Shire, na pale maporomoko ya Shire yalipozuia vyombo ikabebwa na wapagazi. Msafara uliongozwa na Hermann von Wissmann mwenyewe, yule yule aliyekuwa ameuzima upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani kule pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua pia kituo cha Langenburg kwenye ufukwe wa kaskazini mashariki. Baadaye makao yalihamishiwa Tukuyu na kuitwa Neu Langenburg, lakini kuhama huko mlimani hakukuondoa utegemezi wao kwa maji: mizigo ilipokelewa Mwaya kisha ikapandishwa vilimani. Kabla ya mwaka 1914, kwa hiyo, meli hii ilikuwa imekwisha kuwa mshipa wa utawala. Bunduki, barua, chumvi na maofisa vilipita humo.

Mtazamo wa kwanza: meli isiyo na uzito

Wanaoidharau Wissmann wana hoja tatu nzito. Ya kwanza ni ukubwa. Gwendolen ilikuwa na zaidi ya tani 300, na Wissmann ilikuwa ndogo kwake kwa mbali. Ya pili ni idadi. Wajerumani walikuwa na meli moja ya maana, ilhali upande wa Nyasaland, iliyotawaliwa na Waingereza, kulikuwa na kundi la meli za serikali, za wafanyabiashara na za misheni, ikiwemo Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana, ambazo serikali ingeweza kuziita kazini vita vikianza. Ya tatu ni matokeo yenyewe: meli haikupiga hata risasi moja.

Nguvu ya mtazamo huu ni kwamba kila hoja yake ni kweli. Ana kwa ana katikati ya ziwa, mchana kweupe, Gwendolen ingeshinda, na hakuna haja ya kubishana juu ya hilo. Udhaifu wake uko kwenye kipimo. Unaipima meli ya ziwa kwa kipimo cha bahari kuu, yaani nani ana mzinga mkubwa. Vijana wanaocheza michezo ya roboti za vita kwenye simu wanalijua kosa hili vizuri: roboti yenye silaha chache hudharauliwa kwenye orodha, kisha mchezaji anayejua kuitumia huipeleka ikateka vituo huku roboti kubwa zikirushiana risasi mahali pasipoamua lolote. Kwenye Ziwa Nyasa, vituo vya kuteka vilikuwa gati, bohari na vivuko. Swali la kuuliza lilikuwa nani anaweza kupeleka watu na chakula mahali panapotakiwa, siku inayotakiwa, na kumnyima mwenzake nafasi hiyo.

Tuchukue hesabu ndogo. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 25. Tani kumi za shehena ni wapagazi 400. Ikiwa kila mmoja anakula kilo moja ya unga kwa siku, na safari ya nchi kavu kupitia milimani inachukua siku kumi, watu hao wanakula tani nne kabla hawajafika, na bado hawajarudi. Kwa safari ya kwenda tu, chakula sawa na asilimia 40 ya uzito wa shehena kinaishia tumboni mwa msafara wenyewe. Meli ndogo inayokula kuni, yenye mabaharia wachache, ikifanya safari hiyo hiyo kwa siku mbili tatu, inafanya kazi ambayo mamia ya watu hawawezi kuifanya. Hii ndiyo nguvu ambayo jedwali la mizinga haliionyeshi.

Mtazamo wa pili: meli ambayo ingebadili vita

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Kwao, kama Wissmann isingenaswa, Wajerumani wangeiteka Karonga, kituo cha Waingereza kaskazini magharibi mwa ziwa, na kuwasukuma Waingereza wa Nyasaland kusini. Wanaitegemea habari ya Septemba 1914. Kikosi cha Kijerumani kilichokuwa Masoko, chini ya kapteni von Langenn-Steinkeller, kilivuka Songwe, mto wa mpaka, kwa miguu na kuishambulia Karonga Septemba 9. Wakati huo huo kapteni Barton wa Uingereza alikuwa ametoka na jeshi lake kwenda kaskazini kuwashambulia Wajerumani. Majeshi mawili yakapishana bila kuonana. Barton aliposikia milio ya bunduki nyuma yake, alirudi na kuwapiga Wajerumani kutokea mgongoni. Von Langenn alijeruhiwa vibaya, kikosi chake kikapoteza maofisa wengi, na walionusurika wakarudi Songwe wamevunjika.

Mtazamo huu una nguvu ya kutuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yananing'inia. Karonga ilikuwa imebaki na walinzi wachache, na kilichoiokoa ni wanajeshi walioletwa kwa maji kutoka kusini mwezi Agosti. Lakini nao unavuka mpaka wa ushahidi. Wajerumani walivuka Songwe kwa miguu kwa sababu mto ule unavukika, na wangeweza kushindwa vile vile hata wangekuwa na meli nyuma yao. Kosa la Septemba 9 lilikuwa la upelelezi na la mpangilio wa vikosi, na meli haitibu kosa la aina hiyo. Anayesema Wissmann ingeiteka Karonga anaipa kazi ambayo haikuwa yake.

Mtazamo wa tatu: nguvu ya kuwepo tu

Kati ya mitazamo hiyo miwili upo wa tatu, nao ndio unaobeba uzito zaidi. Meli ya kivita humtisha adui hata ikiwa imetia nanga. Kwa kuwepo kwake tu, inamlazimisha mwenzake abadili mipango. Fikiria Agosti 1914 huku Wissmann ikiwa majini, mahali pasipojulikana, kati ya Liuli, Manda na Mwaya. Waingereza walikuwa na askari wa kupeleka Karonga kutoka ncha ya kusini ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 500. Kila meli ya mizigo iliyobeba askari hao ingehitaji kusindikizwa. Gwendolen, meli yao kubwa, ingetakiwa ichague moja: kusindikiza, kuwinda au kubeba. Isingeweza kufanya yote matatu. Safari zingechelewa kwa siku, pengine kwa wiki, na hesabu ya Karonga mwanzoni mwa Septemba ilikuwa ya siku, si ya miezi.

Ushahidi bora wa thamani hiyo haumo kwenye maneno ya Wajerumani. Umo kwenye matendo ya adui yao, na matendo hayo ni matatu. Kwanza, amri ya kuitafuta na kuiangamiza Wissmann ilitekelezwa ndani ya siku tisa tangu vita kutangazwa, kabla ya mapigano yoyote ya nchi kavu katika mpaka huu. Mtu hakimbilii kwanza kuua asichokiogopa. Pili, Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na kikosi kamili chini ya Luteni Kamanda Dennistoun, wakapigana na walinzi waliokuwepo na kuiharibu tena meli ile ile. Kama ingekuwa gofu lisilo na maana, safari ya pili yenye hatari ya kupoteza watu isingefanyika. Tatu, vita vilipofika mwisho waliitengeneza, wakairudisha majini na kuipa jina la mfalme wao. Chombo kinachohujumiwa mara mbili na kisha kuvishwa jina la mfalme hakiwezi kuitwa takataka.

Udhaifu halisi wa meli

Kuitetea Wissmann si kuifumbia macho. Udhaifu wake ulikuwa mkubwa, ila haukuwa ule unaotajwa mara nyingi. Wa kwanza ni upweke. Upande wenye meli moja unaishi kwa bahati ya meli hiyo. Kila chombo cha mvuke kina siku zake za kupandishwa chelezoni: boila lazima lizimwe na kukwanguliwa, mabati ya ubavuni yakaguliwe, mhimili wa rafadha utazamwe. Waingereza wakipandisha meli moja, nyingine zinaendelea na kazi. Wajerumani wakipandisha yao, ziwa zima linakuwa tupu kwao. Agosti 13 iliangukia katika siku hizo, na meli iliyo nchi kavu ikiwa na boila baridi haina mbio, haina mwelekeo wa mizinga, haina hata nafasi ya kujizamisha.

Udhaifu wa pili ni bandari, na hapa jiografia ya Kyela inaingia moja kwa moja. Kwa nini meli haikutunzwa Mwaya, karibu na askari wa Masoko na makao ya Tukuyu? Kwa sababu ufukwe wa Mwaya ni mchanga wenye kina kifupi, uko wazi kwa upepo mkali wa kusini unaosukuma mawimbi urefu wote wa ziwa, na mito yake hushusha tope kila masika. Ni tatizo lile lile ambalo limeisumbua bandari ya Itungi hadi zama zetu. Liuli, kwa upande wake, ina kina na kinga ya miamba, ukiwemo mwamba wa Pomonda ambao ndio uliowapa Wajerumani jina lao la bandari. Kwa usalama wa meli dhidi ya dhoruba, Liuli lilikuwa chaguo sahihi. Kwa usalama wake dhidi ya adui, ilikuwa mbali mno na jeshi lililopaswa kuilinda. Wajerumani walichagua kinga ya upepo wakakosa kinga ya bunduki, na kwa miaka ya amani chaguo hilo halikuwagharimu chochote.

Udhaifu wa tatu, uliokuwa mbaya kuliko yote, ni habari. Waya wa simu za maandishi uliojengwa na Waingereza ulipita upande wa magharibi wa ziwa, ukigusa Karonga na kuendelea kuelekea Ujiji. Tukuyu haikuwa na waya wa namna hiyo wa kuiunganisha na Dar es Salaam. Baada ya vita kuanza, mtawala wa Kijerumani wa Neu Langenburg alimwandikia mwenzake wa Kiingereza wa Karonga kumuuliza kama kweli nchi zao zinapigana. Ukiiweka barua hiyo kando ya mshangao wa nahodha Berndt, unaona kwamba kichekesho cha Liuli hakikutokana na uzembe wa mtu mmoja. Upande mzima wa koloni ulikuwa kizani. Meli yenye mizinga mara mbili ingenaswa vile vile.

Pingamizi na majibu yake

Msomaji makini anaweza kupinga hivi: chombo kisichoweza kujilinda hakina nguvu, na kutenganisha meli na mpango wake ni kucheza na maneno. Pingamizi hili lina haki yake. Mwisho wa siku, vita hupima matokeo. Lakini kutenganisha hivyo kuna faida ya kivitendo, kwa sababu tiba hutegemea ugonjwa. Anayedhani tatizo lilikuwa udogo wa meli atashauri mizinga mikubwa zaidi. Anayejua kwamba tatizo lilikuwa waya, walinzi na chelezo kimoja atashauri gharama ndogo kuliko hiyo: mjumbe wa haraka, askari wachache Liuli, na desturi ya kutoiacha meli boila baridi wakati mataifa yananuniana. Ziwa Tanganyika ni ushahidi. Huko Wajerumani walikuwa na meli zaidi ya moja, na bandari ya Kigoma iliunganishwa na pwani kwa reli iliyokamilika mwaka 1914. Walilitawala ziwa hilo mwanzoni mwa vita, na Waingereza wakalazimika kuvuta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kwa reli, barabara na mto kabla ya kupata ushindi wao wa kwanza Desemba 26, 1915.

Pingamizi la pili linatoka upande tofauti: kwa nini Mnyakyusa, Mkisi au Mnyasa ajali uzito wa chombo cha mkoloni? Jibu liko mabegani. Wajerumani walipopoteza meli, mizigo yao haikutoweka, ilihamia kwa wapagazi. Na Waingereza walipolitawala ziwa, chini ya Jenerali Northey walivuka mpaka Mei 1916, wakaingia Tukuyu kabla mwezi haujaisha, wakaitumia Mwaya kushushia shehena zilizotoka Karonga. Palipoishia maji, palianza kazi ya tengatenga, watu waliokusanywa kwa maelfu kubeba vyakula na risasi nyuma ya majeshi, wengi wakafa kwa njaa, kuhara na baridi ya nyanda za juu. Kila tani isiyopita ziwani ilipita juu ya vichwa 40. Kwa hiyo swali la nani anamiliki meli lilikuwa pia swali la nani atabebeshwa mzigo, na wakazi wa ufukwe hawakuulizwa na upande wowote. Kuipima meli kwa haki si kumsifu aliyeiita kwa jina lake.

Mizania

Tukiweka yote kwenye mizani, mtazamo wa kwanza uko sahihi kuhusu mizinga na umekosea kuhusu kazi ya meli. Mtazamo wa pili uko sahihi kwamba mambo ya Karonga yaliponea chupuchupu, na umekosea kuifanya meli iwe jawabu la makosa ya nchi kavu. Mtazamo wa tatu ndio unaosimama: nguvu ya Hermann von Wissmann ilikuwa kubeba, kuchelewesha na kutia shaka, na nguvu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba adui aliona ni lazima aiondoe kabla ya jambo lingine lolote.

Udhaifu wake nao unajulikana kwa mpangilio: habari kwanza, upweke wa pili, umbali wa bandari na walinzi wa tatu, na udogo wa meli mwisho kabisa. Mpangilio huu unaigeuza simulizi iliyozoeleka, ambayo huanza na udogo na kuishia kwenye ulevi. Unawahusu pia wanaopanga usafiri wa ufukwe huu leo, ambako abiria na shehena bado hutegemea meli zinazotoka Itungi na Kiwira kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Ubora wa meli husifiwa siku ya kuzinduliwa, lakini faida yake huamuliwa na kina cha gati, upatikanaji wa chelezo, kuwepo kwa meli ya pili wakati ya kwanza iko matengenezoni, na taarifa za hali ya hewa kumfikia nahodha kabla ya dhoruba. Mojawapo ya hayo likikosekana, hata chombo bora hugeuka mzigo kwa mwenyewe.